Karatasi 44 za Croydon, na neno dogo "na"

Mawakili wetu wanapotaja kesi ya "Morgan dhidi ya Simpson" mbele ya majaji wa kesi za uchaguzi, wengi tunaosikiliza hudhani ni shauri kubwa la Bunge la Uingereza, la mawaziri wakuu na vyama vikongwe. Kumbe ni kesi ya kiti kimoja cha udiwani kusini mwa London, na chanzo chake ni makarani waliosahau kupiga alama kwenye karatasi za kura. Naisimulia hapa yote kwa sababu kwetu hunukuliwa vipandevipande, na kwa sababu imetumika kupima chaguzi za marais katika nchi zetu.

Siku yenyewe ni Alhamisi, tarehe 12 Aprili 1973. Wakazi wa London walikuwa wanachagua madiwani 92 wa Greater London Council, halmashauri iliyosimamia jiji zima juu ya manispaa zake 32. Huko nyuma kila manispaa ilichagua madiwani wake kwa pamoja. Mwaka ule, kwa mara ya kwanza, jiji liligawanywa katika maeneo madogo, kila eneo na diwani wake mmoja. Manispaa ya Croydon ikakatwa sehemu nne, moja ikiwa Croydon Kaskazini Mashariki. Mgawanyo huo una maana katika kisa hiki. Pale ambapo manispaa nzima inachagua kwa pamoja, karatasi chache zilizokosewa humezwa na maelfu ya nyingine. Katika eneo dogo lenye ushindani mkali, karatasi hizohizo zinatosha kumwondoa mtu au kumweka.

Chama cha Labour kilifanya vizuri jijini siku hiyo. Kilipata viti 58 kati ya 92 na kuchukua uongozi wa halmashauri kutoka kwa Conservative. Kwa hiyo kiti cha Croydon Kaskazini Mashariki hakikuwa cha kuamua nani aongoze London. Kingekwenda upande wowote, Labour wangebaki madarakani. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linaloifanya kesi iwe safi: hapakuwa na serikali ya kuangushwa wala ya kuokolewa.

Katika eneo hilo zilipigwa kura 23,691. Mgombea wa Labour, Simpson, alitangazwa mshindi kwa tofauti ya kura 11. Lakini kati ya karatasi zilizokataliwa wakati wa kuhesabu kulikuwa na 44 zilizokuwa na kasoro moja tu, nayo si ya mpiga kura. Hazikuwa na alama rasmi. Baadaye ilipoangaliwa zilikuwa zimempigia nani, ikaonekana kwamba kama zingehesabiwa, mpinzani wa Simpson angeshinda kwa kura 7. Yaani ndani ya karatasi hizo 44 mpinzani alikuwa mbele kwa kura 18, za kutosha kuzifuta 11 na kubakiza 7.

Alama rasmi ni nini? Kanuni za Uingereza za wakati ule zilitaka kila karatasi ya kura ipigwe alama kwa kifaa cha mkononi chenye kuacha tundu au mbonyeo kwenye karatasi, na kazi hiyo ifanyike pale pale kituoni, karani anapomkabidhi mpiga kura karatasi yake. Ilikuwa siri ya uchaguzi husika: haikutangazwa, na haikupaswa kurudiwarudiwa kila uchaguzi. Lengo lake tunalijua vizuri hata sisi. Mtu akichapisha karatasi bandia na kuzipenyeza kwenye sanduku, zitakamatwa kwa kukosa alama. Kwa hiyo sheria ikasema bila kupinda kwamba karatasi isiyo na alama rasmi ni batili na haihesabiwi. Haikuuliza kama karatasi ni halali kweli, wala kama karani alipitiwa.

Kulikuwa hata na kinga ya pili. Mpiga kura akishaweka alama yake ya msalaba alitakiwa kukunja karatasi ili kura yake isionekane, kisha amwonyeshe msimamizi wa kituo mgongo wa karatasi, alama rasmi ionekane, ndipo aitumbukize sandukuni. Kwa maneno mengine, kila moja ya zile karatasi 44 ilipita mbele ya macho ya watumishi wa uchaguzi mara mbili. Aliyeitoa hakuipiga alama. Aliyepaswa kuitazama mgongo hakuona kwamba hakuna kitu. Hakuna aliyedai kwamba ilikuwa njama. Ulikuwa usahaulifu wa kawaida, wa aina inayompata mtu anayerudia tendo moja asubuhi hadi usiku.

Na hapa ndipo mimi husimama kila ninaposoma kisa hiki. Mpiga kura katika 44 hao alifanya kila alilotakiwa kufanya. Alikwenda kituoni, akataja jina lake, akapokea karatasi, akaweka msalaba mbele ya jina moja, akakunja, akatumbukiza, akarudi nyumbani akiamini amepiga kura. Hakuwa na namna ya kujua kwamba kura yake ilikuwa imekufa kabla hajaiweka alama. Kanuni iliyowekwa ili kumlinda dhidi ya wezi wa kura ndiyo iliyomnyang'anya kura.

Shauri likafunguliwa, Morgan akiwa miongoni mwa waombaji. Mahakama Kuu, iliyolisikiliza kwanza, ilikataa kuubatilisha uchaguzi. Na ukiitazama hoja ya kuutetea ushindi wa Simpson, haikuwa ya kipuuzi. Karatasi 44 katika 23,691 hazifiki mbili katika kila elfu moja. Vituo vilifunguliwa, watu walipiga kura kwa siri, kura zilihesabiwa. Ni uchaguzi gani duniani usio na kasoro za kiasi hicho? Kama kila kosa la karani litarudisha watu kwenye foleni, hakuna diwani atakayekaa kitini.

Waombaji wakakata rufaa, na mwaka 1974 shauri likafika mbele ya Lord Denning, aliyekuwa kiongozi wa majaji wa Mahakama ya Rufaa, akiwa na Stephenson na Lawton. Kilichokuwa mezani kilikuwa sentensi moja ya sheria: kifungu cha 37(1) cha Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya mwaka 1949, ambacho kiini chake kilitokana na sheria ya kura ya siri ya 1872. Kwa Kiswahili, nikikifupisha, kilisema hivi: uchaguzi wa serikali za mitaa hautatangazwa kuwa batili kwa kosa la msimamizi wa uchaguzi au mtumishi mwingine, ikiwa mahakama itaona kwamba uchaguzi uliendeshwa kwa kufuata sheria kwa sehemu kubwa, na kwamba kosa hilo halikuathiri matokeo.

Soma tena. Sentensi imeanza kwa kukanusha na imemalizikia kwa kukanusha, na ndiyo maana iliwachanganya watu kwa miaka mia moja. Tuilete nyumbani. Jirani ameazima sufuria yako yenye kifuniko. Unamwambia, "Sitakudai kitu ukirudisha sufuria na kifuniko." Akirudisha vyote, humdai. Akirudisha sufuria peke yake, je? Unamdai, maana hakutimiza sharti lote. Akirudisha kifuniko bila sufuria? Unamdai vilevile. Neno "na" limemfunga yeye atimize mawili ndipo aachwe. Kwako mdai, kukosekana kwa kimoja tu kunatosha.

Denning alikisoma kifungu hivyohivyo. Aliona kwamba lugha yake ya kukanusha inawapoteza watu, akaigeuza iwe ya kukubali na kuipanga upya. Ili uchaguzi uokoke, masharti yote mawili lazima yatimie. Likivunjika moja, uchaguzi unaanguka.

Akatoa mifano kutoka kesi za zamani, na mifano hiyo ina uzito kuliko maelezo. Mwaka 1874 kule Hackney, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa kura ya siri, vituo viwili kati ya 19 havikufunguliwa siku nzima, na wapiga kura wapatao 5,000 wakakosa nafasi. Hapo huulizi nani angeshinda. Uchaguzi umeendeshwa vibaya kiasi kwamba haukufuata sheria, na unabatilika hata kama hakuna anayeweza kuonyesha kwamba matokeo yangebadilika. Kisha Islington, kesi ya 1901: karatasi 14 zilitolewa baada ya saa ya kufunga. Kosa lilikuwepo, lakini hata ukizitoa zote 14 mshindi anabaki mshindi, kwa hiyo uchaguzi ukasimama. Mwisho Gunn dhidi ya Sharpe, kesi iliyoamuliwa mwaka huohuo wa 1974: karatasi 102 hazikupigwa alama rasmi, na kama zingehesabiwa mshindi angekuwa mwingine. Uchaguzi kwa jumla ulifuata sheria, lakini kosa liligusa matokeo. Ukabatilishwa.

Croydon ilikaa kando ya kesi hii ya tatu kama pacha wake. Uchaguzi ulifuata sheria kwa sehemu kubwa, hakuna aliyebisha. Lakini karatasi 44 zilibadili nani ashinde. Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu ya kwanza na kutamka kwamba uchaguzi ni batili.

Msomaji makini atauliza: kama inajulikana kwamba wapiga kura walimtaka yule mwingine kwa kura 7, kwa nini asipewe kiti moja kwa moja? Kwa sababu kanuni ya alama rasmi haikufutwa. Karatasi 44 zilibaki batili mbele ya sheria. Mahakama ingeweza kuzitazama ili kujua kosa la makarani lilikuwa na athari gani, lakini haikuweza kuziingiza kwenye hesabu. Hivyo Simpson hakuweza kubaki na kiti, na mpinzani hakuweza kupewa. Njia iliyobaki ni kuwarudia wapiga kura. Naona hii ndiyo sehemu ya hukumu inayostahili heshima zaidi, ingawa ndiyo inayozungumzwa kidogo. Majaji hawakujifanya wapiga kura. Hawakusema "tunajua mlichotaka". Walisema hatuna mshindi halali, nendeni tena.

Jaji Stephenson naye aliacha kipimo ambacho kimetembea mbali. Alipoeleza maana ya kufuata sheria kwa sehemu kubwa, alisema pasiwe na ukiukaji mkubwa wa utaratibu wa kiwango cha kumfanya mtu wa kawaida auone uchaguzi kuwa kiinimacho. Alimweka mtu wa kawaida hapo, si mtaalamu wa takwimu.

Kisa cha Croydon kingeweza kuishia hapo, katika vitabu vya wanasheria wa serikali za mitaa. Hakikuishia. Sheria za uchaguzi za Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi ile sentensi ya kukanusha kutoka Uingereza, kila nchi ikiikata kwa mkasi wake. Majaji wetu walipokabiliwa nayo, walitafuta nani aliifafanua vizuri, wakaikuta Morgan dhidi ya Simpson.

Nchini Uganda kesi hiyo ilijadiliwa mwaka 2001, Kizza Besigye alipopinga ushindi wa Yoweri Museveni. Majaji wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba sheria ya uchaguzi ilikiukwa, lakini kwa 3 dhidi ya 2 wakakataa kuubatilisha. Mwaka 2006 ikawa vilevile, 4 dhidi ya 3. Sheria ya Uganda inataka ukiukaji uwe umeathiri matokeo kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo lango lilipofungwa. Ule mfano wa Hackney, kwamba uchaguzi mbovu kupindukia huanguka hata bila hesabu, haukupata mahali pa kukaa.

Kenya ilikuwa tofauti. Agosti 2017, tume ya uchaguzi ilimtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa kura 8,203,290 dhidi ya 6,762,224 za Raila Odinga. Tofauti ilikuwa zaidi ya kura milioni 1.4. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliubatilisha uchaguzi. Fomu za matokeo zilikuwa na kasoro, nyingine zikikosa saini, mihuri au alama za usalama, na tume haikutii ipasavyo amri ya kufungua mitambo yake ya kompyuta ikaguliwe. Katika hukumu yao kamili, Morgan dhidi ya Simpson imejadiliwa kwa kina.

Tazama jinsi kesi ilivyogeuka njiani. Kule Croydon uchaguzi ulianguka kwa hesabu: 11, 44, 7. Kama Simpson angeshinda kwa kura 100, zile karatasi 44 zisingemgusa na jina la Morgan tusingelijua. Nairobi hesabu haikuwa msingi. Kilichotumika ni ile nusu nyingine, nusu ya Hackney, ambayo Denning aliieleza ili kukamilisha picha lakini hakuihitaji kuamua kesi iliyokuwa mbele yake. Kura 11 za diwani zikawa daraja la kuvukia tofauti ya kura milioni 1.4.

Sasa lile neno dogo. Kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ya Kenya ya 2011 kilifanana na kile cha Uingereza, isipokuwa kati ya masharti mawili hakikuwa na "na". Kilikuwa na "au". Uchaguzi hautabatilishwa ikiwa uliendeshwa kwa kufuata misingi ya Katiba na sheria, au ikiwa ukiukaji haukuathiri matokeo. Wale majaji wanne walisema "au" ina maana kwamba mlalamikaji akithibitisha nusu moja tu, inatosha kubatilisha.

Nirudi kwenye sufuria, kwa heshima zote kwa majaji hao. "Sitakudai ukirudisha sufuria au kifuniko." Jirani akirudisha kifuniko peke yake, ameshatimiza sharti. Huna cha kumdai. Kwa sarufi tupu, "au" inamlinda anayetetea ushindi, na "na" ndiyo inayompa nguvu anayeupinga. Croydon ilibatilishwa kwa nguvu ya "na". Kwa hiyo naamini majaji wa Nairobi walifika mahali sahihi, lakini si kwa njia ya sarufi. Kilichowafikisha ni Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 86 kinataka uchaguzi uwe rahisi kueleweka, sahihi, wa kuthibitishika, salama, wa uwajibikaji na wa uwazi. Uingereza ya 1974 haikuwa na andiko la namna hiyo. Nguzo ya hukumu ile ni kifungu hicho, na ningependa mawakili wetu waiegemee wazi badala ya kuibebesha "au" mzigo usiouweza.

Kilichofuata kinaonyesha jinsi neno hili linavyoteleza. Mwishoni mwa 2017 Bunge la Kenya lilikibadilisha kifungu cha 83 kwa nia ya kufanya ubatilishaji uwe mgumu zaidi, na mojawapo ya mabadiliko ilikuwa kuondoa "au" na kuweka "na". Kwa kipimo cha Croydon, hilo lenyewe lingelegeza mlango walioutaka ubane. Aprili 2018 Mahakama Kuu jijini Nairobi ikayatupilia mbali mabadiliko hayo kwamba yanakwenda kinyume cha Katiba.

Huko Uingereza, tatizo la karani na kifaa chake lilikuja kumalizwa na Bunge. Sheria ya usimamizi wa uchaguzi ya mwaka 2006 iliruhusu alama rasmi ichapwe kwenye karatasi mapema, kabla hazijafika kituoni. Siku hizi karani wa Croydon humkabidhi mpiga kura karatasi ambayo tayari ina alama yake. Zile 44 za 1973 hazikuwahi kuhesabiwa.